Ndege wa rangi nyingi wanamaliza nyuki wangu, niwawekee dawa?

SWALI: Nafuga nyuki huku Sengerema. Tangu Oktoba kuna kundi la ndege, mgongo kahawia, koo la njano, kifua cha bluu, wanakaa kwenye waya juu ya mizinga wanadaka nyuki. Kuna jamaa ananiuzia dawa ya kuchanganya na mtama. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Huyo ni keremkerem wa Ulaya, hasa kama hiyo njano ya kooni imepigwa mstari mweusi kwa chini. Angekuwa wa kijani mwili mzima ningesema ni yule mwenzake anayependa kuwa karibu na maji na kula kereng'ende, naye mgeni vilevile.

Sasa hiyo dawa. Kila vuli naulizwa hili na kila vuli kuna mtu ameshauziwa. Jamani, keremkerem hali mtama! Hali punje yoyote, chakula chake anakidaka hewani kikiwa kinaruka. Kaa karibu na huo waya dakika kumi umwangalie, anachomoka, anadaka nyuki, anarudi palepale, anamgonga gonga kwenye waya halafu anamsugua ule upande wa mkia mpaka sumu imtoke, ndo anameza. Huyo utamtega vipi na mtama? Watakaokula ni kuku wako na njiwa na tetere, mwewe akiokota huyo njiwa na yeye anakufa, na watoto wakimkuta tetere kalegea wakamchoma wakala, hapo mimi nakosa hata la kusema.

Hasara ya nyuki ipo, sikatai, malkia kijana akitoka kupandwa anaweza kudakwa na hiyo inauma. Ila mzinga wenye afya una nyuki makumi elfu, na maua yakiwa mengi malkia anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku. Wanaodakwa wengi ni wale wanaotoka kutafuta chakula, ambao ndo wazee wa mzinga, wamebakiza siku chache tu. Na huyohuyo ndege anakula nyigu wanaowinda nyuki wako. Mzinga ukimalizwa na ndege ujue ulishakuwa mgonjwa, fungua uangalie nondo wa nta, angalia siafu, muulize jirani mwenye pamba anapiga dawa saa ngapi maana akipiga asubuhi nyuki wakiwa kwenye maua hapo ndo unakwisha kweli.

Toa mizinga chini ya waya, iweke kwenye miti, ile dhaifu iunganishe. Wengi wa hao ndege wanapita tu kwenda kusini, na Machi au Aprili utawasikia tena juu wakirudi Ulaya.

Na hawa wauza dawa za chupa isiyo na lebo, leo ya ndege, kesho ya panya, keshokutwa ya samaki, wafukuzeni. Mvua ikinyesha hiyo sumu inateremka ziwani, na hapohapo ndo mnachota maji ya kunywa.