Maswali na Majibu: Kabla ya Kununua Besi, Pima Umeme

Maswali ya mwezi huu yanafanana sana: karibu kila msomaji anataka besi kubwa zaidi garini, na hakuna hata mmoja aliyetaja unene wa waya utakaoilisha besi hiyo. Yale ya "muziki upi ni mzuri kwa gari langu", yasiyotaja gari, bajeti wala kilichomo sasa, nimeyaweka kando tena, kama nilivyofanya mwezi uliopita.

Nina Toyota Harrier iliyotoka Japani na muziki wa JBL. Sabufa yake ya kiwandani, yaani spika ya besi, ni hafifu. Nikiitoa nikaweka ya inchi 12, amplifaya (kikuza sauti) iliyomo itaimudu? (Mwanza)

Haitaimudu, na kuna uwezekano mkubwa kwamba utalipa fedha nyingi ili upate besi ndogo kuliko uliyo nayo. Mfumo wa kiwandani hutengenezwa kama kitu kimoja, ambapo amplifaya, spika na hata nafasi ya kila spika hupangwa pamoja, kisha sauti hurekebishwa kwa ajili ya spika hizo na si nyingine. Sabufa za namna hiyo mara nyingi huwa na ukinzani wa ohm 2 au chini ya hapo, ilhali nyingi zinazouzwa Kariakoo ni za ohm 4. Ukiweka ya ohm 4 mahali pa ya ohm 2, amplifaya ileile itatoa takriban nusu ya nguvu iliyokuwa ikitoa, na nusu hiyo sasa inatakiwa kusukuma koni (sehemu ya spika inayotetema) nzito zaidi. Aidha, sabufa ya inchi 12 inahitaji boksi lenye ujazo wake, nafasi ambayo kitundu cha kiwandani kilichomo ubavuni mwa buti hakiwezi kuitoa.

Njia sahihi ni kuiacha amplifaya ya kiwandani iendelee kulisha spika za milangoni, kisha kuongeza amplifaya ya pili ya sabufa peke yake, iliyo na uwezo wa kupokea sauti moja kwa moja kutoka kwenye nyaya za spika. Tahadhari moja ambayo mafundi wengi hawaisemi ni kwamba mifumo mingi ya kiwandani hupunguza besi yenyewe kadiri unavyopandisha sauti, ili kuilinda sabufa ndogo isipasuke. Ukichukua sauti baada ya hatua hiyo, sabufa yako mpya itadunda vizuri redio ikiwa chini na kunyamaza ukiipandisha, nawe utamlaumu muuzaji wa sabufa bure. Vipo vifaa vya kati vinavyorudisha besi iliyokatwa. Ulizia kimoja kabla ya kulipa. Usikubali pia nyaya za kiwandani zikatwe. Soketi za kuunganishia zinapatikana, na siku ya kuliuza gari utashukuru.

Nimeona amplifaya ya wati 3000 kwa bei nafuu sana. Ninunue? (Nairobi)

Iangalie fyuzi iliyochomekwa ubavuni mwake, usisome maandishi ya juu. Gari likiwa linaunguruma, umeme wake huwa karibu volti 14. Ikiwa fyuzi ni ya ampea 30, amplifaya hiyo haiwezi kuendelea kunywa zaidi ya wati 420 hivi bila fyuzi kukatika. Sehemu ya umeme huo hugeuka joto: amplifaya za daraja D hupoteza kama moja ya tano, na za daraja AB hupoteza karibu nusu. Kwa hiyo "wati 3000" zako ni wati 200 hadi 340, jambo ambalo si baya hata kidogo, mradi ulipe bei ya wati hizo. Nambari pekee inayostahili kusomwa ni ile ya nguvu endelevu, inayoandikwa RMS. Hiyo nyingine ya herufi kubwa ni pambo la kasha, na ninashangaa kwamba watu wanaohesabu senti za mafuta wanaiamini bila swali.

Na kwa kuwa umeuliza habari za wati: kuongeza nguvu mara mbili huongeza sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti isikike kubwa maradufu unahitaji takriban mara kumi ya nguvu.

Taa za mbele hufifia kila besi inapogonga. Fundi amenishauri ninunue kapasita ya faradi 1. (Dodoma)

Fundi wako anataka kukuuzia kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kidogo kwa muda mfupi. Tufanye hesabu pamoja. Kapasita ya faradi 1, ikishuka kutoka volti 14.4 hadi 12, hutoa nishati ya jouli 32 hivi. Amplifaya inayokunywa wati 1000 huimaliza kwa sehemu 3 kati ya 100 za sekunde. Baada ya hapo kapasita inakuwa mteja mwingine wa altaneta (jenereta ya gari) ileile iliyokwisha kuzidiwa. Taa zinapofifia, gari linakwambia kwamba mahitaji yamepita kinachozalishwa, au kwamba njia ya umeme ni nyembamba. Anza na betri: ipimwe. Kisha waya wa chanya kutoka betri hadi amplifaya uwe mnene na wa shaba tupu, kwa sababu nyaya nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini hupitisha umeme kwa asilimia 60 hivi tu ya shaba. Kwangua ncha yake kwa kisu: ikiwa ndani ni nyeupe, umeuziwa alumini. Hatimaye, nyaya nene zaidi kati ya betri, altaneta na bodi ya gari husaidia kuliko kapasita yoyote niliyowahi kuiona. Hayo yote yakishindikana, ndipo altaneta kubwa zaidi izungumziwe.

Fyuzi ya waya wa amplifaya hukatika kila wiki, kwa hiyo fundi ameifunga kwa waya wa kawaida na sasa muziki unafanya kazi vizuri. Kuna tatizo? (Tanga)

Zima gari na utoe kebo ya betri leo, kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Fyuzi iliyo karibu na betri haikuwekwa kuilinda amplifaya. Inaulinda waya, ambao umepita chini ya zulia, kando ya miguu ya abiria wako, hadi kwenye buti. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi, betri itatoa mamia ya ampea bila kusita, na plastiki yake itawaka. Fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 kutoka betri, ya kiwango kinachoendana na unene wa waya, na waya upite kwenye mpira mahali unapotoboa ukuta wa injini. Fyuzi inayokatika kila wiki ina sababu yake, nayo ndiyo ya kutafutwa. Fundi aliyeifunga kwa waya asiguse gari lako tena.

Redio iliyokuja na gari kutoka Japani haishiki stesheni nyingi. Je, sabufa mpya itasaidia? (Morogoro)

Hapana. Redio nyingi za Japani zilitengenezwa kwa FM ya megahezi 76 hadi 90, na za karibuni hadi 95. Stesheni zetu ni 87.5 hadi 108. Badilisha redio.

Nina Toyota Aqua ya haibridi. Naweza kuweka amplifaya ya wati 1000? (Zanzibar)

Ningekushauri uridhike na sabufa ndogo ya chini ya kiti, ile iliyo na amplifaya yake ndani, ya wati 100 au 150 za kweli. Gari lako halina altaneta ya kawaida. Betri yake ndogo ya volti 12 hujazwa na kigeuzi kinachopunguza umeme wa betri kubwa, na kigeuzi hicho hakikupangiwa kulisha disko. Betri hiyo ndogo ikiisha, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa. Nyaya zozote za rangi ya machungwa zisiguswe kwa hali yoyote: zimebeba zaidi ya volti 100, na fundi wa redio hana kazi nazo.

Nimeweka spika ghali milangoni, lakini besi yake ni ndogo kuliko ya zile za zamani. (Kisumu)

Huenda moja imeunganishwa kinyume, chanya kwa hasi, hivyo moja ikienda mbele nyingine hurudi nyuma, na besi zao huuana. Geuza nyaya za spika moja usikilize. Ikiwa hakuna mabadiliko, fungua mlango: matundu makubwa yaliyo nyuma ya spika yanaruhusu hewa ya nyuma kukutana na ya mbele. Yazibe kwa shiti za butili (mpira unaonata), zilezile zinazozuia bati kutetema, kisha kaza spika kwenye kishikilio kigumu kisichovuja hewa. Kazi hii huchukua nusu siku na haina sifa, ndiyo maana hakuna anayeipendekeza dukani.