Kabla Hujafungua Chupa ya Sodiamu

Nimefundisha kemia kwa miaka mingi, lakini sodiamu ilinitia adabu siku ambayo jaribio lilikuwa limeshakwisha. Wanafunzi wameondoka, nikapeleka kisu na kigae nilichokatia kwenye sinki. Kufungua bomba tu, pah! Cheche zikaruka hadi usoni. Chembe ambayo sikuiona ilikuwa imenasa pembeni mwa kigae. Kilichoniponya ni miwani ya kinga, ambayo nilikuwa bado sijaivua.

Tangu hapo, kabla ya chupa kufunguliwa nakagua unyevu: kisu, kibano, kigae, glavu. Vyote viwe vikavu kabisa.

Sodiamu ni metali laini, kisu cha kawaida kinaikata. Pale ilipokatwa hung'aa kama fedha, na hapohapo huanza kufifia kwa kuwa inaungana na oksijeni na unyevu wa hewani. Ndiyo maana hukaa ndani ya mafuta ya taa. Ni nyepesi kuliko maji, na huyeyuka kwa nyuzi 98 tu za Selsiasi. Kwa hiyo ukiitia majini, joto la mmenyuko wenyewe huigeuza kitone cha mviringo kinachokimbia huku na huku kikichirizika. Haidrojeni inayotoka inaweza kulipuka, na maji yanayobaki yana kostiki (hidroksidi ya sodiamu), yanababua ngozi.

Kwa hiyo kata kipande kisichozidi punje ya mchele, kikaushe mafuta kwa karatasi, tumia beseni pana na uweke kioo cha kinga mbele ya wanafunzi. Ikishika moto, mwagia mchanga mkavu. Maji, na hata mtungi wa kabonidayoksaidi, huchochea moto huo.

Wanafunzi huuliza inachimbwa wapi. Haipatikani ikiwa peke yake. Mwanakemia Mwingereza Humphry Davy aliitenga mwaka 1807 kwa kupitisha umeme katika kostiki iliyoyeyushwa. Viwanda vya leo hutumia chumvi ileile ya mezani (kloridi ya sodiamu): huyeyuka kwa nyuzi 801, ila ikichanganywa na kloridi ya kalsiamu, nyuzi 600 hivi zinatosha. Mvuke wa sodiamu ndio unaotoa ule mwanga wa njano wa taa za barabarani, na ikiwa kimiminika hupoza baadhi ya vinu vya nyuklia.

Siku hizi kigae changu hakiendi sinki moja kwa moja. Nakilaza kwanza ndani ya alkoholi ya isopropili, mbali na moto, nakaa nacho mpaka mapovu yakome. Ndipo nafungua bomba, miwani ikiwa bado usoni.