Kufundisha watoto imani za watu wengine: je, mwalimu Mwislamu ameritadi?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Ninafundisha darasa la nne katika shule ya binafsi hapa Arusha inayofuata mtaala wa Uingereza. Muhula ujao nimepangiwa somo la dini na mitazamo ya maisha: Ukristo, Uislamu, Uhindu, imani ya Wamasai, na wasioamini Mungu. Pia kuna ziara ya hekalu la Kihindu. Ndugu mmoja msikitini ameniambia nikieleza imani hizo nimeritadi, yaani nimetoka katika Uislamu, na mshahara wangu ni haramu. Namuuguza mama na nasomesha wadogo zangu wawili. Niache kazi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Usiache kazi, binti yangu. Allah amponye mama.

Swali lako nimelitanguliza kwa sababu ya neno moja uliloambiwa. Mtume (s.a.w.) ametuonya, na imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, kwamba mtu akimwita nduguye kafiri, neno hilo humshukia mmoja wao. Huyo ndugu amemtamkia hivyo mwanamke anayeswali, tena msikitini, bila hata kuuliza anafundisha nini. Atubu kwanza, kisha ndipo tuzungumze naye habari ya mishahara.

Wanazuoni wamekubaliana kwamba mwenye kunukuu ukafiri si kafiri. Ingekuwa vinginevyo, nani angeweza kusoma Qur'ani? Aya ya 3 ya sura ya Zumar inatupa hoja ya waabudu masanamu kwa kauli yao wenyewe. Aya ya 24 ya sura ya Jaathiya inawanukuu wasemao hakuna ila maisha haya ya dunia, na hakiwaangamizi ila dahari, yaani kupita kwa zama. Hao ndio wasioamini Mungu walio katika azimio lako la kazi! Imamu akiisoma aya hiyo Alfajiri, nyuma yake tumeritadi sote? Al-Biruni, mwanazuoni Mwislamu, aliandika juu ya imani za Wahindu karibu miaka elfu moja iliyopita, akasema wazi kwamba anaeleza wanavyosema wenyewe, haandiki kitabu cha kuwajibu.

Najua hoja watakayoileta wanaokupinga: Sayyidna Umar, sahaba wa Mtume, alikuja na maandiko ya Ahlul Kitabi (Wayahudi na Wakristo), Mtume akakasirika. Hadithi hiyo ameipokea Imamu Ahmad, na isnadi yake (mlolongo wa wapokezi) imetiliwa shaka. Hata tukiikubali, kwa Bukhari ipo ruhusa ya kusimulia habari za Wana wa Israili, na Ibn Hajar, mfafanuzi wa Bukhari, ameziunganisha hizi mbili: katazo lilikuwa kabla hukumu za dini hazijatulia, kwa kuchelea fitina, na hofu ilipoondoka ruhusa ikaja.

Watasema watoto hawajatulia imani. Hapo wana neno. Lakini mtoto wa Kaloleni au Ngarenaro ana jirani Mlutheri, shangazi Mkatoliki na rafiki wa Kimasai anayemtaja Engai, Mungu wa Wamasai. Atasikia tu. Afadhali asikie kwa mwalimu mwadilifu kuliko kwa mzaha wa uwanjani. Kinachowashtua watu ni mazoea: katika shule zetu za serikali, kipindi cha dini kikifika ustadhi huchukua wake na katekista wake. Somo lako ni la kueleza, si la kulea mtoto katika ibada. Kazi ya malezi ni ya nyumbani na madrasa, na madrasa zetu nyingi (niseme ukweli) zinamhifadhisha mtoto juzuu nzima lakini rafiki akimuuliza kwa nini anafunga, anaduwaa.

Mipaka ipo. Sema "Wakristo wanaamini", "Wahindu wanaamini"; usiseme dini zote ni sawa, kwani hilo ni tamko lako la imani, na somo halikudai. Usiwaigizishe watoto ibada ya mtu yeyote, hata ikiwa katika andalio la somo la mwenzako. Usikejeli: aya ya 108 ya sura ya An'aam imetukataza kuwatukana wanaoabudiwa badala ya Allah. Na wiki ya Uislamu isigeuke mawaidha. Wazazi wa Kikristo wamekuamini kama wewe unavyomwamini mwalimu wa wadogo zako.

Kuhusu hekalu, Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, aliswali kanisani ila lenye masanamu, na wengi katika madhehebu yetu ya Shafii wamekataza kuingia penye sanamu zinazotukuzwa. Mwombe mwenzako aongoze ziara hiyo.

Nenda kwa mwalimu mkuu kabla ya muhula, ukiwa na mwongozo wa somo mkononi. Uliza jambo moja: Uingereza, ambako somo la dini ni la lazima kisheria tangu 1944, mzazi anayo haki ya kumtoa mwanawe katika somo hilo. Je, shule yenu imechukua somo pamoja na haki hiyo? Ikiwa hapana, ombeni iwekwe, ninyi walimu na wazazi wa dini zote. Wakikulazimisha kuongoza ibada, hapo niandikie tena. Mshahara wako wa kueleza ni halali. Mnunulie mama dawa.

Wallahu aalam.