Uliza Bibi Masjala: Maboksi 63 ya makaratasi, niyapeleke ghalani au niyachome?

SWALI: Shikamoo Bibi Masjala. Nna duka la vifaa vya ujenzi hapa Gerezani, tumeanza na mume wangu 2011 na toka siku hiyo hatujatupa karatasi hata moja. Stoo ya nyuma imejaa maboksi mpaka mifuko ya gundi ya tailizi tunailaza barazani. Juzi kaja kijana wa kampuni ya kutunza nyaraka, anasema watabeba yote wayaweke kwenye ghala lao huko njia ya Pugu, mi nalipia kila boksi kwa mwezi, nikitaka faili napiga simu wanaleta. Nimehesabu yako 63. Mume wangu anasema huo ni wizi, tuchome tu yaishe. Mi naogopa, TRA wakija je? Na tangu soko la Kariakoo liungue 2021 alafu lile ghorofa la Kariakoo lianguke Novemba 2024 sina amani kabisa na vitu vyetu vyote kukaa sehemu moja. Nifanyeje?
Mama Vifaa, Gerezani

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo kakosea kuhusu moto na huyo kijana kakosea kuhusu 63, tena yeye kakosea kwa makusudi maana analipwa kwa idadi ya maboksi.

Mi nimekaa masjala miaka 27, na nakuapia hakuna stoo ya biashara ambayo nusu yake sio takataka. Fungua hayo maboksi kabla hujasaini chochote. Utakuta kalenda za 2013, listi za bei za mabati ambazo saizi ukizisoma utalia, invoisi moja imetolewa kopi tatu na zote zimetunzwa, vishina vya vitabu vya cheki vya akaunti mliyoifunga, na pengine viatu vya mtoto. Sasa vyote hivyo uvilipie kodi ya pango kila mwezi? Chukua mfano tu, tuseme boksi ni shilingi 2,000 kwa mwezi, 63 ni 126,000, kwa mwaka 1,512,000. Ukichambua yakabaki 20 ni 480,000. Hiyo tofauti ni milioni na zaidi, nunua saruji.

Unachambuaje? Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka utunze kumbukumbu miaka 5, na miaka hiyo inaanza kuhesabiwa mwaka wa mapato unapoisha, sio siku risiti ilipotoka. Kwa hiyo kama hesabu zenu ni za Januari mpaka Desemba, risiti ya Machi 2019 ilikuwa inakaa mpaka mwisho wa 2024, watu wengi wanakosea hapo wanatupa miezi tisa kabla. Kama mna pingamizi la kodi ambalo halijaisha, basi mafaili ya miaka hiyo usiyaguse hata yakiwa na mvi. Mikataba na wateja na wasambazaji mi huwa nasema subiri mpaka ukomo wa kufungua kesi upite, kwa mkataba ni miaka 6, mambo ya ardhi ni 12. Ya wafanyakazi, sheria ya ajira inataka zile taarifa za ajira zao zikae miaka 5 baada ya mtu kuondoka, na hapa wenye maduka mnasahau sana, kijana wa kupakia anaondoka na faili lake linaondoka siku hiyo hiyo, miezi miwili baadae yuko CMA, ile tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, anadai likizo na nyie hamna hata karatasi ya kuonesha mlimlipa.

Hati ya kiwanja, cheti cha usajili wa biashara cha BRELA, mkataba wa fremu, hivyo havipandi hilo gari, viweke kwenye sefu au benki.

Alafu risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Mwanangu ile karatasi haina wino, inaandikwa kwa joto, na joto hilo hilo ndo linaifuta. Mi nimewahi kufungua bahasha ya risiti za manunuzi za mwaka mzima, zimefungwa vizuri na mpira, nikakuta vipande vyeupe kama vitambaa vya kushonea, hakuna hata tarakimu moja. Aliyeziweka alizifunga kwenye nailoni juu ya kabati chini ya bati, kwa hiyo kazipika. Toa kopi kwenye karatasi ya kawaida kabla hazijaenda popote, ghala zuri kiasi gani haliwezi kurudisha maandishi yaliyofutika. Na hiyo mipira toa, inayeyuka inagandisha karatasi, na klipu za chuma nazo toa maana kwa unyevu wa Dar zinapiga kutu mpaka ukurasa wa tatu.

Baada ya hapo ndo nenda kaone hilo ghala, na usiende siku uliyoalikwa. Angalia maboksi yako juu ya raki au yako sakafuni, yakiwa sakafuni geuza gari urudi, mchwa na maji vyote vinaanzia chini. Angalia dari. Uliza jirani anatunza nini, kama ni magodoro au rangi basi umehama moto wa Gerezani umeufuata mwingine. Na maji ya masika yanafika wapi usimuulize meneja, muulize mama ntilie wa getini. Vuta pumzi humo ndani, ukisikia harufu ya ukungu hata kama wana kamera na mlinzi mwenye gwanda, hapana. (Moja ya kampuni kubwa duniani za kazi hii, Iron Mountain ya Marekani, ilianzishwa na mkulima wa uyoga, bwana Herman Knaust, alinunua mgodi wa chuma uliokwisha huko jimbo la New York apandie uyoga, 1951 watu wakiwa wanaogopa bomu la atomiki akaugeuza sehemu ya kutunzia kumbukumbu. Mi nacheka kila nikikumbuka, maana uyoga na karatasi havipendani hata kidogo.)

Andika daftari lako mwenyewe. Boksi linabandikwa namba tu, usiandike nje MISHAHARA 2022 kila kuli asome. Kwenye daftari ndo unaandika namba 14 ina nini, ya mwaka gani, na linaharibiwa lini. Bila hiyo tarehe ya mwisho utalipia mpaka wajukuu. Kopi ya daftari abaki nayo mumeo, sio kijana wa Pugu peke yake.

SWALI: Shikamoo nyanya (samahani siwezi kukuita bibi, huku kwetu bibi ni mke wa mtu). Mimi ni ajenti wa kuklia mizigo Mombasa, niko na maboksi 140 kwa godauni ya watu tangu 2018. Sasa wamepandisha bei, nikawaambia nataka kutoa, wananiambia kila boksi likitoka lina malipo yake na ni kama miezi kadhaa ya kuweka! Hiyo ni haki kweli?
Ajenti, Mombasa

JIBU: Marahaba, nyanya naipokea, ingawa huku kwetu inatiwa kwenye mchuzi.

Haki au si haki, nina hakika imeandikwa kwenye mkataba uliosaini, ukurasa wa nyuma ambao hakuna anayeusoma. Biashara hii ndivyo ilivyo, kuingia bei rahisi, kutoka ndo kuna mlango mwembamba. Sasa wewe usitoe 140. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa ofisa miaka 5 tangu mzigo uingie kukudai makaratasi, na kodi ya Kenya nayo ni miaka 5, kwa hiyo ya 2018 mengi umri wake umeshapita. Pitia listi yako, yaliyopitwa na hayana kesi wala ukaguzi waambie wayaharibu huko huko wakupe cheti cha uharibifu, mara nyingi hiyo ni nafuu kuliko kuyatoa, ila pata bei kwa maandishi kwanza. Yakibaki 50 hivi kaa nao mezani. Mteja anayeondoka kidogo kidogo wanamuogopa kuliko anayegomba simuni. Na usiache kulipa kwa hasira, watayashikilia alafu siku ofisa anabisha hodi uko na madeni na huna faili.

SWALI: Bibi, nna zahanati ndogo Morogoro. Nikiskani mafaili yote ya wagonjwa nikaweka kwenye kompyuta, naweza kuyauza makaratasi? Kuna mtu ananunua kwa kilo.
Daktari mchovu

JIBU: Usiyauze! Huyo anayenunua kwa kilo anampelekea mama wa karanga. Mi nimeshakula karanga stendi ya Msamvu kwenye majibu ya vipimo vya mtu, jina lake lote lipo, umri upo, na kilichoonekana kipo. Sasa hivi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inakuhusu wewe na sio muuza karanga. Kuskani ni sawa, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali kumbukumbu za kompyuta, ila mahakamani utaulizwa zilitunzwaje, kwa hiyo weka kopi mbili sehemu mbili na uwe umehakikisha kila ukurasa unasomeka, sio kivuli cha kidole gumba cha nesi. Fomu za ridhaa zenye saini ya mgonjwa baki na karatasi yenyewe. Muda wa kutunza faili la mgonjwa waulize wizara kupitia mganga mkuu wako kabla hujaharibu hata moja. Ukishapata ruhusa nunua mashine ya kukatia, zile za vipande vidogo sio za mistari mirefu, na usimamie mwenyewe mpaka mfuko wa mwisho.