Sound Blaster 16 yenye mvumo: usikimbilie pasi ya kulehemu

Ndugu yangu wa Kamalondo, nimesoma swali lako kwa makini. Umesema ulinunua Sound Blaster 16, kadi ya sauti ya kompyuta za zamani, kwa muuza vyuma chakavu wa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, ukaichomeka kwenye kompyuta yako ya 486, na sasa spika zinatoa mvumo pamoja na sauti kama ya mafuta yanayokaangwa, hata kabla mchezo haujaanza. Unauliza kama ubadilishe kapasita zote, vile vipande vidogo vya kuhifadhi umeme, au uiweke kando ununue AWE32, kadi nyingine ya familia hiyo, uliyoonyeshwa. Nimekusanya kadi hizi kwa miaka kumi na miwili hapa Lubumbashi, na ushauri wangu ni kwamba usibadilishe kitu chochote kabla hujajua kelele hiyo inatoka wapi.

Anza na vumbi. Kadi iliyolala sokoni kiangazi kizima hujaa udongo mwekundu, na mvua zinapoanza udongo huo hushika unyevu na kung'ang'ania meno ya kadi. Isafishe kwa mswaki laini na alkoholi ya isopropili, uiache ikauke kabisa, kisha uirudishe kwenye tundu lililo mbali na kadi ya picha. Baada ya hapo fungua programu ya kupanga viwango vya sauti, uzime maikrofoni, kisha sauti ya CD, kisha mlango wa kuingizia sauti ya nje, kimoja baada ya kingine, huku ukisikiliza kila unapozima. Kadi nyingi nilizoletewa kwamba zimeharibika zilinyamaza hapo hapo, kwa sababu maikrofoni ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho bila kitu chochote kuchomekwa.

Sauti ya kukaanga ikibaki, mshukiwa mkubwa ni kikuza sauti kilichomo ndani ya kadi, ambacho kiliwekwa kwa ajili ya spika ndogo zisizo na umeme wake. Kadi kadhaa za familia hii zina jampa, yaani vifuniko vidogo vya kuunganisha pini, zilizoandikwa OPSL na OPSR, na ukizihamisha, sauti inatoka bila kupita kwenye kikuza sauti hicho. Kama spika zako zina kikuza sauti chake, fanya hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Ni kazi ya dakika moja, haigharimu kitu, na ukitaka kurudi ulikotoka unaweza.

Kisha soma chipu, wala usitegemee jina la kwenye boksi. Sound Blaster 16 ilitoka mwaka 1992, na jina hilo hilo lilibandikwa kwenye kadi nyingi zinazotofautiana sana. Tafuta chipu ya Yamaha ya kutengeneza muziki iliyoandikwa YMF262, ambayo watu huiita OPL3. Hiyo ndiyo mrithi wa YM3812 iliyokuwa kwenye kadi ya AdLib mwaka 1987, na muziki wa michezo mingi ya DOS, mfumo wa kompyuta wa enzi hizo, ulitungwa na watu waliokuwa wakisikiliza chipu hizo. Kadi za baadaye, AWE64 ya mwaka 1996 ikiwa mojawapo, ziliiga sauti hiyo kwa mbinu iliyoitwa CQM, na sikio lililozoea husikia mara moja kwamba vinanda vimepoteza ukali wake. Angalia pia chipu iliyoandikwa CT1741, inayoshughulikia sauti za kidijitali. Chini yake kuna V405, V411 au namba nyingine ya namna hiyo, yaani toleo la 4.05, la 4.11 na kadhalika. Matoleo ya 4.11 hadi 4.13 yana kasoro inayojulikana: ukiunganisha kinanda cha MIDI, kinachopokea noti kutoka kwa kompyuta kwa waya, au kadi ndogo ya nyongeza kwenye kiunganishi chenye pini 26, noti fulani hukwama na kuendelea kulia katikati ya wimbo. Kwa hiyo, kama yako ni V405 na ina YMF262, usiiuze.

Kuhusu kapasita, nakuomba usibadilishe zote kwa mkupuo. Kapasita za elektroliti hukauka kwa umri, na zile zinazopitisha sauti zikichoka, besi hupungua au upande mmoja hufifia, jambo ambalo si sawa na kelele ya kukaanga unayoeleza. Mimi niliwahi kuharibu kadi nzuri kwa haraka ya aina hiyo. Pasi yangu ilikuwa dhaifu, na mguu wa kapasita uliounganishwa na shaba pana ya ubao ukawa unameza joto bila lehemu kuyeyuka. Nikavuta kwa nguvu, na kitundu kikatoka pamoja na njia nyembamba ya shaba. Nilikaa Katuba usiku mzima nikijaribu kuiunganisha kwa uzi wa waya, lakini upande wa kushoto haujarudi hadi leo. Tangu siku hiyo huongeza kwanza lehemu mpya kwenye mguu, husubiri iyeyuke yote, ndipo ninapoinua. Kila kapasita huipiga picha kabla sijaitoa, kwa kuwa ikirudishwa kinyume huweza kupasuka.

AWE32 ni kifaa cha kupendeza, ila inunue kwa sababu iliyo sahihi. Ilitoka mwaka 1994 ikiwa na chipu ya EMU8000, inayopiga muziki kwa sauti za ala zilizorekodiwa, na kumbukumbu ya KB 512 ya kupakia sauti hizo, na matoleo makubwa yana matundu mawili ya SIMM, yaani vibao vya kumbukumbu, za pini 30, ambazo lazima ziwe jozi inayolingana. Michezo mingi haitafaidika na kumbukumbu hiyo ya ziada. Anayefaidika ni mtu anayetaka kupakia sauti za ala zake mwenyewe. Mimi nilitoa SIMM mbili za MB 4 kwenye ubao uliokufa, nikarekodi likembe ya babu yangu, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole, noti moja moja. Sauti ya biti 16 ya upande mmoja kwa kiwango cha 44.1 kHz hula baiti 88,200 kila sekunde, maana yake KB 512 hazifikishi hata sekunde sita, wakati MB 8 zinakupa takriban sekunde 95. Katika sekunde hizo kila noti ya likembe ilipata nafasi ya kulia hadi inyamaze yenyewe, pamoja na ule mtetemo wa vyuma vidogo unaofuata kidole kikishaachia. Umeme ukikatika kumbukumbu hiyo hufutika, kwa hiyo hifadhi faili zako kwenye diski.

Ukienda kuiangalia, hakikisha matundu ya SIMM hayajavunjika vishikizo, na usome kama YMF262 ipo. Kabla ya hapo, zima maikrofoni, hamisha zile jampa mbili, kisha uniandikie unachosikia.