Jibu: Mimi ni mwoga, je, kupanda mlima kutanisaidia?

Ndugu, umeuliza kama kupanda mlima kunaweza kumbadilisha mtu anayeona haya hata kuongea mbele ya watu kumi. Mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Miaka michache kabla ya ule mlipuko wa Mei 2021, tulipanda Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wa Goma, Kongo, tukiwa wanane. Ni mita 3,470, na kutoka Kibati, njia inapoanzia, tulitembea kama saa tano, askari wa hifadhi wakiwa mbele. Mwanzoni ni msitu, raha tupu. Taabu inaanza kwenye mawe ya volkano: unakanyaga, yanaporomoka, unarudi ulikotoka. Nikakaa chini nikasema mimi basi. Mzee mmoja mbeba mizigo, begi langu mgongoni mwake (langu!), akanitazama, akasema tu, "Polepole, mtoto wangu," akapita. Niliona haya kuliko zile zote za kuongea mbele ya watu kanisani. Nikasimama.

Usiku, ukingoni, baridi ya kufa, lava ilikuwa inachemka kule chini kama maji ya bugali. Hakuna aliyeongea.

Sikurudi shujaa. Ila wiki iliyofuata, kwenye kikao cha avenyu yetu, yaani mtaa wetu, nilinyoosha mkono. Sauti ilitetemeka, nikaendelea, polepole.

Wewe usianzie huko. Anza na Mlima Goma hapo mjini, asubuhi, na rafiki mmoja. Na kwa usalama wa siku hizi, uliza kwanza kama njia iko wazi. Huo si uoga. Halafu beba koti zito hata kama jua linawaka.