Picha 10 za LRPS si lazima ziwe za mada moja

Dogo, umeuliza kama kweli picha zote 10 lazima ziwe za mada moja kama menta wako anavyosema. Hapana, kwa Licentiate (ndo hiyo LRPS), ngazi ya kwanza ya vyeti vya Royal Photographic Society, chama cha wapiga picha cha Uingereza, unapeleka picha 10 na mada moja si lazima, wanataka waone una upana, mwanga tofauti, mbinu tofauti, ila zikikaa pamoja zionekane ni za mtu mmoja. Yenye mada ni ngazi inayofuata, Associate, huko ni 15 na unaandika na maelezo mafupi ya ulichokusudia. Labda menta wako kachanganya hizo mbili ndo maana anakwambia zote 10 ziwe za dagaa wa soko la Mwaloni.

Nasema hivi sababu nimekaa na vijana wawili hapa Kirumba, Mwanza, tukipanga za kwao, tunaprinti ndogo ndogo tunazitandaza mezani tunahamisha mpaka zikae, maana mpangilio nao unaangaliwa, unatuma ramani ya picha gani inakaa wapi. Mmoja alikuwa na machweo matatu ya Jiwe la Bismarck, mazuri kweli, nikamwambia bakiza moja, alininunia wiki nzima 😅 Za kwako za wanaoanika dagaa weka mbili zinatosha, tafuta na potreti ya ndani yenye mwanga wa dirisha.

Ila menta hata awe mkali vipi yeye sio jaji, na masharti huwa yanabadilika, soma mwongozo wao wenyewe kabla hujalipia.